Ombi la Kuunyamazia Uso wa Fundi Mwinyikondo

Nchi ninayoisimulia si hii yetu. Nimeshaulizwa mara tatu na watu wenye viatu vinavyong'aa kupita kiasi, na mara zote tatu nimewajibu hivyo hivyo. Hii yetu ni nyingine kabisa. Ile ya kwenye hadithi ina mto upande wa kushoto, na mimi niliishi huko kama raia mwema, nikihariri ukurasa wa kumi na nne wa gazeti la Mwanga wa Jamii, ukurasa uitwao Kero Yako.

Ukurasa wa kumi na nne ni ukurasa wa amani. Watu huandika kuhusu bomba lililopasuka, beberu aliyepotea, jirani anayechoma taka wakati nguo za mwenzake ziko kambani. Mimi huondoa matusi, huweka nukta na mkato, gazeti huenda mtamboni. Ndiyo maana Jumatatu ile, barua ya fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Sokoni ilipofika mezani kwangu, sikuona hatari yoyote. Niliichapa kati ya bomba na beberu, kama ilivyokuja:

"Mhariri, naomba nafasi nitoe kero yangu. Miaka kumi na moja iliyopita nilipiga picha nne za pasipoti katika Studio Nuru. Nilipokwenda kuzichukua nikapewa bahasha yenye picha za mtu nisiyemjua, ana kipaji cha uso kipana na hana masharubu. Nikazirudisha, nikaambiwa njoo kesho. Nimekwenda kesho nyingi. Tangu mwaka ule naiona picha yangu ofisi ya kata, imekuzwa na kutiwa kioo. Naiona posta, hospitali, mahakamani, hata kwa muuza mkaa. Sina ugomvi na mtu. Hizo kubwa wabaki nazo. Mimi naomba zile nne ndogo, kwani binti yangu anaolewa Jumamosi na fomu ya ndoa inataka picha ya baba wa bibi harusi. Wako, Fundi Mwinyikondo."

Nilidhani ni barua ya kuilalamikia studio. Wallahi nilidhani hivyo.

*

Jumanne asubuhi wahariri wote wa nchi tuliitwa Wizara ya Habari na Ukimya. Mheshimiwa Waziri Lwekaza alikuwa amevaa suti nyeusi na, kama ilivyo desturi ya viongozi wa huko, futi ya fundi cherehani ilikuwa imening'inia shingoni, inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Jicho la kushoto alikuwa amelifumba nusu. Viongozi wote wa huko hufumba jicho la kushoto nusu. Mimi nilikuwa nimekulia katika desturi hiyo na sikuwahi kujiuliza ilitoka wapi.

"Ndugu wahariri," alisema Waziri, "Serikali haiamuru. Serikali inaomba. Tofauti ni kubwa. Ukikataa amri, unafungwa kwa ukaidi. Ukikataa ombi, unafungwa kwa kukosa adabu. Sasa kuna jambo tunaomba mlinyamazie."

"Jambo gani, Mheshimiwa?" aliuliza mhariri wa Sauti ya Mkulima, mtu wa kilimo asiye na hila.

"Hilo ni siri."

"Tutalinyamaziaje kama hatulijui?"

Waziri akafikiri. Akanong'ona na Katibu wake, Katibu akanong'ona na mtu mwingine, na baada ya chai ya saa nne tukagawiwa barua rasmi. Mimi nimesoma barua nyingi za Serikali, lakini ile ilikuwa imeandikwa kwa uwazi wa kupendeza. Juu kabisa, chini ya picha ndogo ya Rais na namba ya kumbukumbu, palikuwa na mstari mnene: "YAH: KUTOTAJA KWAMBA MTU ALIYEMO KATIKA PICHA YA RAIS SI RAIS BALI NI FUNDI CHEREHANI."

Kisha zikafuata kurasa tatu za maelezo, ili asiwepo mhariri wa kusema hakuelewa ananyamazia nini. Ndipo nilipoijua historia ya nchi yangu. Siku ya pili baada ya kuapishwa, Rais alikwenda Studio Nuru kupigwa picha ya kutundikwa ukutani. Asubuhi hiyo hiyo fundi Mwinyikondo naye alipita, katoka kwenye cherehani na futi yake shingoni, na taa ya kamera ilipowaka akafumba jicho kama anayetunga uzi kwenye sindano. Mwenye studio alibadilisha bahasha. Tarishi wa Ikulu akachukua isiyo yake, picha ikakuzwa, ikagongwa muhuri wa Taifa, ikasambazwa mpaka mipakani. Kosa lilipogunduliwa, Baraza la Mawaziri liliketi siku tatu likaamua kwamba kitu kikishagongwa muhuri hakiwezi kuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwa yule aliyebaki bila muhuri, yaani Rais. Akashauriwa ajirekebishe.

Basi miaka kumi na moja Rais akawa anajirekebisha. Alibandika masharubu ya bandia kila asubuhi kwa gundi, akafumba jicho la kushoto nusu, akavaa futi shingoni. Mawaziri walipoiona futi wakadhani ni nishani mpya, na wao wakajivalisha. Wananchi walimwona kwenye gari lenye vioo vyeusi, linapita mbio, na hakuna aliyepata nafasi ya kulinganisha.

Mwisho wa barua palikuwa na orodha ya nakala, kwani barua ya Serikali isiyo na nakala ni sawa na chai isiyo na sukari. Nakala kwa Wakuu wa Mikoa wote. Nakala kwa Wakuu wa Wilaya wote. Nakala kwa walimu wakuu, wasomewe wanafunzi mstarini. Nakala kwa mabalozi wa nyumba kumi kumi. Nakala: Ubao wa Matangazo.

Ilipofika adhuhuri nchi nzima ilikuwa inaijua siri. Ilipofika alasiri Waziri aliunda tume ya kumtafuta aliyeivujisha.

*

Kabla hatujaondoka tulijaza Fomu ya Kimya, nakala tatu kila mmoja. Kifungu cha nne kilisema: "Eleza kwa ufupi jambo utakalolinyamazia." Watu wa Wizara walisahihisha papo hapo kwa kalamu nyekundu. Mhariri wa Sauti ya Mkulima, ambaye hakuwa amefika ukurasa wa pili wa barua, aliandika kwamba atanyamazia uhaba wa mbolea. Akaambiwa na hilo pia alinyamazie, lakini amekosa swali, arudie.

Redio ya Taifa ilitii kuliko sote. Kila saa mtangazaji alisema kwa sauti ya msiba: "Ifuatayo ni dakika moja ya kutozungumzia picha ya Rais." Kisha kimya kikafuata, watu majumbani wakanyanyua vichwa kuitazama picha ukutani.

Mimi nilijaza fomu yangu vizuri. Nilipata alama zote. Nilirudi nyumbani nikala, nikajiona nimefanya kazi ya maana.

*

Jumatano Waziri Lwekaza alikwenda mwenyewe dukani kwa fundi Mwinyikondo, mtaa wa Sokoni. Nilisimuliwa na watu kumi waliokuwa dirishani. Alimkuta anapinda suruali.

"Mzee Mwinyikondo," alisema Waziri, "hongera. Kuanzia leo uso wako ni Siri Kuu ya Taifa."

"Ahsante, Mheshimiwa," alisema fundi, aliyelelewa vizuri. "Na zile picha nne?"

"Zimefutwa. Na uso wenyewe hautaonyeshwa mbele ya mtu yeyote bila kibali."

"Mheshimiwa, huu uso nimeurithi kwa marehemu baba yangu."

"Baba yako alikuwa na kibali?"

Watu wa Wizara wakamvisha fundi bahasha kubwa ya kaki, ile ya kuwekea majalada, imegongwa neno SIRI mbele na nyuma. Waliitoboa tundu moja tu la jicho, la kulia, kwa kuwa la kushoto lilionekana kuwa ndilo la hatari zaidi. Inspekta Chilumba wa kituo cha Sokoni, askari mnyoofu asiyejua mzaha, akapewa amri kwa maandishi: atakayeivua bahasha hiyo akamatwe hapo hapo.

Fundi akaendelea kushona. Wateja walikuja kuchukua nguo zao, bahasha ikawaambia njoo kesho, na wote walikiri kwamba ilikuwa sauti yake kabisa.

*

Alhamisi ndipo mambo yalipomfika fundi shingoni. Shehe Kombo, aliyekuwa afungishe ndoa, alipita kupanga mambo ya Jumamosi. Akaitazama bahasha ikikaribisha kahawa. Akaitazama tena.

"Mwinyikondo, utaivua hiyo siku ya ndoa?"

"Wamenikataza, Shehe."

"Basi hakuna ndoa. Walii wa bibi harusi lazima ajulikane. Mashahidi wataapa wamemwona nani? Mimi nimeozesha vipofu, nimeozesha mabubu, nimeozesha mtu na mtalaka wake mara ya tatu kinyume cha ushauri wangu. Siozeshi bahasha."

"Nikimweka wakili aozeshe kwa niaba yangu?"

"Na atakayemweka wakili ni nani? Bahasha?"

Watu wa mtaa wa Sokoni wanajua habari ya fundi. Mwantumu ndiye mtoto wake pekee, na mama yake alifariki binti ana miaka minne. Fundi alimlea kati ya vitambaa na vifungo, akamfundisha kusoma kwa namba za futi, na gauni la harusi alikuwa amelishona mwenyewe miezi minane, la mkono tupu, bila cherehani. Wakili hakumtaka hata kama angekubaliwa. Alitaka kumwoza binti yake kwa mkono wake.

Mwantumu naye alikuwa nyuma ya pazia, kasikia yote. "Baba," alisema, "mimi sitoki chumbani siku hiyo mpaka nimeuona uso wako. Hata wakileta jeshi."

Ijumaa asubuhi bahasha ilipanda ngazi za gazeti letu, ikakaa mbele ya meza yangu.

"Mwanangu," ilisema, "niliandika kwako kwa nia njema. Sasa niandikie tena. Sema tu kwamba kuna mzee anaomba uso wake kwa nusu saa."

Nikamwambia nimesaini. Nikamwonyesha fomu, na alama zangu zote. Tundu lile moja lilinitazama, na ndani yake nililiona jicho jekundu la mtu asiyelala. Niliona aibu. Sijawahi kuona aibu namna ile kazini, na nimefanya kazi magazetini miaka ishirini.

"Umesaini usiandike," alisema kwa upole. "Kuja harusini hukusaini. Njoo basi, walau ule pilau. Walete na wenzako."

*

Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri, ua wa fundi ulikuwa umefunikwa turubai na mikeka imejaa watu. Sisi wahariri tulikaa pamoja pembeni, kama wanafunzi walioadhibiwa. Bwana harusi, kijana wa kiwanda cha sabuni, alikuwa anatoka jasho. Mlangoni alisimama Inspekta Chilumba na askari sita. Mstari wa mbele alikaa Waziri Lwekaza mwenyewe, aliyekuja kuhakikisha hakuna kinachoonekana. Na ukutani, kama katika kila nyumba, ilitundikwa picha ya Rais.

Shehe Kombo akakohoa. "Walii yuko wapi?"

Bahasha ikasimama. Fundi akapandisha mikono yake, ile mikono yenye alama za sindano, akaivua bahasha, akaikunja vizuri mara nne kama fundi anavyokunja kitambaa cha mtu, akaiweka mkekani.

Inspekta Chilumba alipiga hatua moja kwenda kumkamata. Hatua ya pili haikufika. Macho yake yalikwenda usoni kwa fundi, yakaenda ukutani, yakarudi. Visigino vyake vikagongana kwa kishindo, mkono ukaruka kwenye kofia.

"Mheshimiwa Rais!"

Sheria ya nchi ile ni kwamba Rais akitokea, watu husimama na kuimba wimbo wa Taifa, na asiyeimba ana kesi ya kujibu. Watu wakaangaliana. Hakuna aliyetaka kesi. Tukasimama, tukaimba beti zote tatu, hata ule wa kilimo ambao hakuna anayeujua. Shehe Kombo alikaa chini akivuta tasbihi. "Mkimaliza mniambie," alisema.

Tulipomaliza, Inspekta alitoa karatasi mfukoni. "Mheshimiwa Rais, nina amri ya kumkamata mtu atakayeivua bahasha hiyo."

"Nani kaitoa amri?" aliuliza fundi.

"Wewe, Mheshimiwa. Picha yako hii hapa juu ya barua."

Fundi aliitazama picha ile, ndogo, kipimo cha pasipoti hasa. Nilimwona anatamani kuiomba, akajizuia.

"Basi iache mpaka kesho," alisema. "Kaa ule."

Askari saba wakavua kofia wakakaa. Ndipo Mwantumu akachungulia kwenye pazia la chumba cha ndani, akamwona baba yake, akacheka huku analia. Fundi alimshika bwana harusi mkono, akaanza, "Nimekuoza binti yangu Mwantumu," sauti ikakatika. Akaanza tena ikakatika tena. Mara ya tatu alifika mwisho. Kijana wa sabuni alijibu kwamba amekubali, kwa haraka ya mtu anayeogopa Serikali kubadili mawazo. Vigelegele vikapasua turubai. Mimi nililia, na mhariri wa Sauti ya Mkulima alilia zaidi yangu, ingawa yeye alisema ni moshi wa majiko.

*

Waziri Lwekaza hakulia. Alikuwa ametoroka nyuma ya jiko na simu mkononi, anaeleza Ikulu kwamba polisi wanampigia saluti fundi cherehani na kwamba Taifa limo hatarini, tena linakula.

Rais aliposikia, alitoka mbio. Hakungoja msafara wala gundi. Masharubu yalibaki kwenye kisahani chake Ikulu, futi ikabaki kwenye msumari, na jicho, kwa hasira, lilikuwa limefumbuka kabisa. Alishuka garini mbele ya ua akiwa mwanamume wa kawaida, ana kipaji cha uso kipana na hana masharubu.

"Mkamateni yule!" alipiga kelele.

Inspekta Chilumba alifuta pilau mdomoni. "Mzee, shusha sauti. Rais yupo."

"Mimi ndiye Rais!"

Inspekta akamtazama. Akaitazama picha ukutani. Akamtazama fundi, aliyekuwa anamgawia mtoto wa jirani mfupa wenye nyama nzuri. Hakuwa na haraka, alirudia mara mbili ili haki itendeke.

"Kujifanya Rais," alisema, "ni kosa kubwa sana, mzee wangu. Kujifanya Rais mbele ya Rais sijui kama hata lina kifungu. Mheshimiwa Waziri, unamfahamu mtu huyu?"

Waziri Lwekaza alisimama kati yao, midomo inacheza. Kusema huyu ndiye Rais ni kusema yule wa kwenye picha siye. Na hilo ndilo jambo ambalo yeye mwenyewe, kwa sahihi yake, kwa nakala nchi nzima, alikuwa ameomba lisitajwe. Alifungua kinywa. Akakifunga. Akafumba jicho la kushoto.

"Siwezi kutaja," alisema.

Rais aligeuka, akatuona sisi tuliokaa pembeni, na uso wake ukachangamka. "Wahariri! Ninyi mnanijua! Mmekuja Ikulu, mmekula vitafunio vyangu! Semeni!"

Wenzangu wote wakanitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyeanza. Nikainuka. Nilimheshimu sana, na bado namheshimu.

"Mzee," nilisema, "tungependa. Lakini tumesaini."

"Nafuta ombi! Andikeni! Tangazeni!"

"Ombi limetoka kwa Rais, mzee. Halifutwi na mtu wa kupita."

Askari wawili wakamshika mikono, kwa adabu kwani ilikuwa siku ya harusi, wakampeleka kituo cha Sokoni, hatua hamsini kutoka pale.

*

Watu walipokwisha kula, fundi Mwinyikondo alisikia kwamba kuna mtu amewekwa ndani siku ya harusi ya binti yake. Alisikitika. Hakuuliza kosa lake. Alipakua sahani mwenyewe, akajaza wali, akaweka nyama ya kutosha na kachumbari pembeni, akaifunika kitambaa safi akanipa mimi nipeleke, kwani nilikuwa nimekaa tu.

Nilimkuta kwenye benchi nyuma ya nondo. Juu ya kichwa chake, ukutani, ilikuwapo ile picha, na chini yake alikuwa amekaa mtu aliyechoka, macho yote mawili wazi. Askari wa zamu aliipokea sahani, akaipitisha kwa chini.

"Kula, mzee," alimwambia. "Una bahati. Kimetoka kwa Rais."

Yule mzee alinitazama mimi. Alikuwa na mengi ya kusema, niliyaona yanampanda mpaka shingoni. Akaitazama sahani, akasikia harufu ya iliki, akavuta kitambaa.

Akala. Akanyamaza.